Jinsi ya Kuua Injini ya Kombaini kwa Bidii

Watu wengi hudhani injini ya kombaini huuawa na uvivu. Hapo wanakosea. Mvivu huiegesha mashine chini ya mti akaisahau, na mashine iliyosahauliwa haifi upesi: inashika kutu, kuku wanataga kwenye tangi la nafaka, na miaka mingi baadaye huja fundi mwenye subira na betri mpya akaiwasha. Kuiua kabisa, tena ndani ya msimu mmoja, kati ya ngano ya Narok mwezi wa nane na ile ya Uasin Gishu mwezi wa kumi na moja, kunataka watu wanaojituma. Maelekezo haya ni yao: mwenye mashine anayelala shambani, dereva anayekula chapati huku ameshika usukani, na tanboi ambaye mikono haimtulii akiona kitu kina nati.

Inafaa kwanza kumjua marehemu mtarajiwa. Kombaini hufanya kazi tatu kwa mpigo: inakata, inapura, inapepeta. Uchafu wa kazi zote tatu, makapi, vumbi, vipande vya mabua na ndevu za shayiri, inaumwaga papo hapo inapotembea. Lori hupita kwenye vumbi likaliacha nyuma. Kombaini hulitengeneza vumbi lake yenyewe, kisha hukaa ndani yake kutwa nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na upepo ukivuma kutoka nyuma, wingu lote husafiri nayo sako kwa bako. Ndani ya wingu hilo injini inatakiwa ipumue. Lita moja ya dizeli haiungui vizuri bila zaidi ya mita kumi za ujazo za hewa. Basi mashine inayokunywa lita 30 kwa saa huvuta hewa ya kujaza madarasa mawili ya shule na kubakiza, kila saa, tangu umande unapokauka hadi giza linapoingia.

Halafu kuna joto. Katika kila shilingi tatu za dizeli unayonunua, kama shilingi moja tu ndiyo inayogeuka kazi. Ya pili hutoka na moshi. Ya tatu huingia kwenye maji ya rejeta, na rejeta isipoitoa nje itabaki humo humo ndani ikikungoja.

Sisi wa nyanda za juu tumependelewa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, hayangoji 100. Themostati nyingi huanza kufungua kwenye nyuzi 82 au karibu na hapo. Maana yake, kati ya injini kupata joto lake la kawaida na maji kuchemka pana nyuzi kumi na moja tu. Mwenzako wa Mombasa ana safari ndefu kuliko wewe. Kinachoharibu raha hii ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukiona ni kizibo cha kuzuia maji yasimwagike, kumbe ndani yake kuna springi inayoyabana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia. Kikilegea mpira usinunue kingine cha namba yake. Chukua cha pikapu ya jirani kinachokaribia kuingia, au tumia kipande cha tyubu na waya wa seng'enge. Maji yataanza kurukia nje saa nane mchana, nawe utapata sababu ya kumtuma tanboi mtoni.

Maji ya mtoni ni mazuri sana kwa shughuli hii, na ya kisima cha chumvi ni mazuri zaidi. Kulanti achana nayo. Imeandikwa kwenye galoni kwamba inazuia maji yasigande, na wewe hujawahi kuona maji yakiganda Moiben, kwa hiyo umeshajua kwamba ni ujanja wa kuuziana. Maandishi mengine yaliyo chini yake, yanayohusu kutu, ni madogo na hayana haja ya kusomwa. Ukisoma utakuta habari za kukatisha tamaa: kwamba laina za silinda kwenye injini nyingi kubwa za dizeli zimezungukwa na maji moja kwa moja, kwamba kila dizeli inapolipuka laina hutikisika, kwamba mtikisiko huo huzaa viputo vidogo vinavyopasuka kwenye chuma na kukidonoa, na kwamba dawa iliyo ndani ya kulanti hutandaza utando mwembamba unaoikinga laina. Maji ya mtoni hayana utando huo. Yataidonoa laina kwa nje, polepole, bila mlio wowote, mpaka siku moja tundu lipenye ndani na oili iwe na rangi ya chai ya maziwa. Hii ni njia ya watu wenye uvumilivu. Chumvi ya kisima, kwa upande wake, hujenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta na kulifungia joto ndani. Ukizitumia zote mbili kwa zamu hutakosa.

Injini ikianza kuchemsha, ng'oa themostati. Huu ni ushauri ambao utaupata bure kutoka kwa kila mtu aliyesimama karibu, hata muuza mahindi ya kuchoma. Hoja yao inaeleweka: kitu kinachofunga maji kikiondolewa, maji yatatembea zaidi, injini itapoa. Na asubuhi itapoa kweli, itapoa kupita kiasi, dizeli isiungue yote, ishuke kwenye kuta za silinda na kuiosha oili iliyokuwa ikizilinda. Mchana mambo hugeuka. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeing'oa, njia ya mkato iko wazi, na sehemu ya maji inazunguka humo humo ikijipasha moto huku rejeta ikipata yaliyobaki. Umefaulu kuwa na injini inayokaa baridi wakati wa kutaka joto na kuchemka wakati wa kutaka baridi. Wachache hufikia daraja hilo kwa spana moja.

Sasa tuje kwenye ea klina, maana huku bidii hulipwa haraka kuliko kwingine kote.

Kuna jambo ambalo watengenezaji wameliandika vitabuni mwao na karibu hakuna anayeliamini shambani: filta ya karatasi ikiwa mpya kabisa huchuja vibaya kidogo kuliko ikishafanya kazi. Vumbi la kwanza likinata kwenye karatasi, lenyewe hugeuka kichujio cha pili kinachozuia chembe ndogo zaidi. Filta yenye uchafu wa kiasi, basi, inafanya kazi yake vizuri kuliko ile inayong'aa. Unaona nafasi hiyo? Anayetaka kuua hana haja ya kuitelekeza filta. Aisafishe. Aisafishe asubuhi, aisafishe wakati ngano inamwagwa kwenye lori, aisafishe saa tisa kwa sababu tu mvua ya mbali imemfanya asimame. Kila akiitoa anairudisha kwenye siku yake ya kwanza, na kila akiifungua nyumba yake katikati ya shamba anaacha kijiko cha vumbi kidondokee upande ambao ulitakiwa ubaki safi.

Mashine nyingi zina kigeji kidogo kwenye bomba la hewa, au taa kwenye dashibodi, kinachopima jinsi injini inavyohangaika kuvuta pumzi. Kikionyesha nyekundu, ndipo filta ifunguliwe. Kabla ya hapo inatakiwa iachwe. Usikitazame. Kifaa kisicho na mikono kitajuaje kazi?

Kuhusu namna ya kusafisha, shule ni mbili. Shule ya zamani hupiga filta kwenye tairi la mbele. Vumbi hutoka kwa wingi wa kuridhisha, na bati la ukingo hupinda kidogo sana, kiasi cha mpira wake kutokaa sawasawa tena. Shule ya kisasa huitumia kompresa ya pancha. Kitabu kinasema upepo usizidi baa mbili, upulizwe kutoka ndani kwenda nje, na mdomo wa bomba uwe mbali na karatasi. Kompresa ya pancha ina nguvu mara nne ya hiyo, na tanboi ana ari mara kumi. Apulize kutoka nje kwenda ndani, akiwa amebana mdomo wa bomba kwenye mikunjo, mpaka karatasi ivume. Vumbi lililokuwa juu litazama katikati ya karatasi, na mahali fulani patatokea tundu ambalo jicho halilioni. Waoga huingiza tochi ndani ya filta mahali penye giza, wakatafuta nukta za mwanga. Wewe tochi yako iache kwenye kebini.

Pia wapo waoshaji, wanaoiloweka filta ya karatasi kwenye sabuni ya unga na kuianika kwenye ua pamoja na mashati. Siwasemi sana. Wana mioyo safi.

Ndani ya ile filta kubwa kuna nyingine ndogo. Hiyo haisafishwi kamwe. Hubadilishwa tu, kwa sababu ndiyo ukuta wa mwisho endapo ile kubwa itatoboka. Itoe na uitupe. Ukiulizwa, jibu kwamba injini ilikuwa inakosa pumzi. Utahisi ina nguvu zaidi, na kwa siku chache labda utakuwa sahihi.

Lakini kama una muda wa kufanya jambo moja tu, achana na filta kabisa, nenda kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye ea klina kuelekea tabochaja. Hapo ndipo penye ufundi wa hali ya juu. Kila kitu kilichoko kabla ya filta kikivuja, vumbi bado litakutana na filta. Kikivuja kilichoko baada yake, halina wa kuliuliza. Klipu iliyolegea nusu mzunguko inatosha. Ufa ulio chini ya mpira, upande usioonekana mpaka ulale chali, unatosha na kuzidi. Uzuri wa njia hii ni kwamba filta itabaki safi ajabu, na bosi akija kukagua utamwonyesha kwa fahari. Mtu mkorofi pekee ndiye angepitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira ule ili aone kama kitatoka na vumbi.

Vumbi lenyewe litafanya kazi yako bila kusimamiwa. Chembe za mchanga wa kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Hukikwangua, zenyewe zisikwanguke. Sehemu kubwa ya mashamba ya Mau na Narok imekaa juu ya udongo wa majivu ya volkeno, mwepesi, unaopaa kwa kukanyagwa tu. Wala hazitakiwi chembe kubwa. Unywele wa kichwa una unene wa kama maikroni 70. Zinazomaliza injini ni zile za maikroni 5 hadi 20, kwa sababu zinatosha kuingia pale ringi ya pistoni inapokutana na laina na kuushinda unene wa oili iliyopo. Ukiziona kwa macho, si hizo. Baada ya hapo injini huanza kula oili, moshi unakuwa wa buluu, na ukifungua kifuniko cha oili inakupumulia usoni. Komprishoni imekwenda, na ni ekari chache tu zimevunwa.

Rejeta ya kombaini ina bodigadi. Mbele yake pana wavu mkubwa wa mviringo unaozunguka, na kwenye mashine nyingi pana bomba la kufyonza makapi yanayonata juu ya wavu huo. Vyote viwili huendeshwa na belti. Belti ikilegea, wavu husimama, makapi hujipanga juu yake tabaka kwa tabaka, na geji ya joto hupanda. Hapa mtu wa kawaida angekaza belti. Mtu wa bidii huona kwamba tatizo ni wavu wenyewe, akautoboa matundu makubwa zaidi, na baada ya siku mbili akauondoa kabisa ili feni ivute bila kizuizi. Na feni itavuta.

Yatakayovutwa hayatakaa mbele, mahali pa kuonekana. Rejeta haiko peke yake: mbele yake kuna ya kiyoyozi, kuna ya mafuta ya haidroliki, kuna inayopooza hewa ya tabo, zimesimama moja nyuma ya nyingine. Makapi hupenya ile ya kwanza yakajishindilia katikati. Tanboi atapuliza uso wa nje mpaka ung'ae, mwenye mashine atapiga picha, na katikati patabaki godoro. Kulitoa kunataka kuzifungua na kuzitenganisha, kisha kupuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia iliyoyaingiza. Hiyo ni nusu saa au zaidi, na nusu saa ni ngano ya mtu mwingine. Badala yake peleka mashine kwenye pampu ya kuoshea magari. Maji yenye kasi yataligeuza godoro kuwa udongo wa kufinyanga na kuvilaza vijipande vya bati vya rejeta kwa mkupuo mmoja. Likikauka, hata kompresa ya pancha itaheshimu.

Ziko mashine mpya zinazojaribu kukunyima fursa hizi. Nyingine zina feni inayogeuka kila baada ya muda ikapuliza nje badala ya kuvuta. Kombaini za Lexion za Claas huvuta hewa ya rejeta kutoka juu ya mashine, ambako vumbi ni pungufu. Usivunjike moyo. Zote zina sensa na king'ora, na king'ora kina waya.

Neno kuhusu mapumziko. Biashara ya kufuata ngano inavyoiva, shamba kwa shamba, si ya jana wala si ya Kenya peke yake. Mwaka 1944, vita vikiwa vinaendelea, kombaini za Massey-Harris zipatazo 500 zilitumwa Marekani kuanzia Texas kupanda hadi mpaka wa Kanada, zikavuna zaidi ya ekari milioni moja. Kwa hiyo unapoulizwa kwa nini hukusimama kusafisha, una historia nyuma yako: ngano ya kule Ziwa, Uasin Gishu, imeiva, mvua inatishia, mwenye shamba anapiga simu kila baada ya dakika kumi, na ngano ikinyeshewa itachipua ikiwa ingali kwenye suke. Haya yote ni kweli, na ndiyo yanayoufanya mwongozo huu usihitaji nguvu kuuzwa. Jioni ukimaliza, zima injini papo hapo ikiwa bado na moto. Zile dakika chache za kuiacha iungurume taratibu ni za kuipooza tabo. Ukizikata, oili itaungulia kwenye beringi zake. Na ikichemsha mchana, imwagie maji baridi juu ya silinda hedi. Utausikia mpasuko.

Kuna jambo moja ambalo halielekezwi hapa hata kwa mzaha: kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Mvuke ule huchuna uso na mikono ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni kijana aliyetumwa. Ngoja ipoe. Injini ni ya kuuliwa. Tanboi si wa kuuliwa.

Moto nao una mambo yake. Bomba la moshi karibu na injini na tumbo la tabo hupita nyuzi 400 mashine ikifanya kazi nzito, na makapi makavu hayahitaji nyingi hivyo. Yaache yarundikane hapo juu, yachanganyike na oili inayovuja. Mashine itaanza kunuka kama jiko la kuni mwendo wa saa kumi, dereva atasema ni ya jirani. Kizima moto kiwe kile ulichonunuliwa nacho miaka ile, sindano ikiwa imelala kwenye sifuri, au basi tegemea matawi mabichi na kelele. Faida ya njia hii ni kwamba huua injini, mashine, ngano yako, ngano ya jirani, na ujirani.

Ikiwa hukufika huko, utafika kwa fundi. Ataifungua injini juu ya turubai, ataingiza kidole kwenye mpira wa tabo na kukitoa kikiwa na uji wa oili na mchanga, kisha atakuonyesha bila kusema neno. Usikitazame kidole hicho. Sema dizeli ya siku hizi ni mbaya. Fundi atasema, "Mzee, hii ni vumbi." Sema umewahi kusikia dizeli inachanganywa na mafuta ya taa. Atasema laina zote sita zimekwisha. Mwangalie dereva. Dereva atamwangalia tanboi, naye tanboi, ambaye ndiye pekee aliyewahi kusema tangu Narok kwamba ule mpira una ufa, atatazama chini.

Kisha kubalini bei. Laina, pistoni, ringi, beringi, gasketi, tabo, na kazi ya fundi. Atakapoandika ea klina kwenye orodha, mkatalie. Iliyopo bado nzuri, imepulizwa juzi tu.